Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Manundu, Korogwe
Jumamosi, baada ya magharibi

Mwanangu Mwanaidi,

Leo asubuhi uliniamkia nikiwa chini ya gari, nami nikaitikia marahaba bila kutoka. Uliona miguu yangu tu. Nilikusikia ukisimama kidogo, labda ukingoja neno la pili, halafu viatu vyako vikaelekea jikoni kwa mama yako. Mkononi nilikuwa na spana, na nati niliyokuwa naikaza ilikuwa imekwisha kazwa tangu jana. Niliikaza tena hivyo hivyo.

Barua hii mama yako atakupa ukimaliza kufunga mizigo. Isome usiku huu huu. Usiiweke mpaka ufike Handeni, maana ikisomwa Handeni itakuwa haina kazi.

Sitakuandikia habari za kupima maji ya rejeta, wala oili, wala upepo wa matairi. Landrova ya kliniki utakayoendesha unaijua kuliko mimi, umeshinda na ndugu zake kambini jeshini mwaka mzima kwenye matope. Habari za kuchemsha maji ya kunywa na kutokopesha watu khanga zako, mama yako amezisema zikaisha na akaanza upya. Mimi nina jambo moja tu la kujibu. Ni lile uliloniuliza wiki iliyopita, pale mlangoni, ukiwa na leseni yako mkononi.

Ulisema, "Baba, watoto wa watu wote hapa Manundu umewafundisha kuendesha. Mimi nimerudi na leseni. Kwa nini gari hili hujanipa ufunguo hata nilisogeze kivulini?"

Nikakujibu, "Hilo si gari la kujifunzia."

Ukasema, "Sijaomba kujifunza," ukaingia ndani.

Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yamekuwa ya chumvi na maji ya kuoga. Nami nimezidi kulala chini ya gari, na najua umedhani nakukwepa. Nilikuwa nakukwepa, ndiyo, lakini nilikuwa pia natengeneza gari. Acha nikueleze lilikotoka, kwa sababu wewe ulilikuta limezeeka, na jibu langu limo humo humo.

Gari hili lilikuja shambani kwetu likiwa jipya, wakati mkonge ulikuwa bado wa mabwana. Mimi nilikuwa fundi wa malori katika karakana, karibu na korona, pale majani ya mkonge yalipokuwa yakisagwa na harufu yake ikishika mpaka kwenye chai. Meneja aliliagiza kutoka Ufaransa. Siku lilipofika, kazi ilisimama. Lilikuwa refu, jeusi, pua imechongoka, na lilipita juu ya reli za trela za mkonge bila kumtikisa aliyemo. Malori yetu yakipita pale, dereva huuma ulimi.

Meneja akaniita akasema kuanzia leo hili nalo ni lako kulitunza. Nikasema ndiyo bwana. Nilikuwa na umri kama wako na sikuwa nimewahi kusema "sijui" mbele ya mtu yeyote. Usicheke, unajua unafanana nami hapo.

Asubuhi ya pili nikalikuta limelala. Mwanangu, limelala kabisa, tumbo karibu liguse chini, magurudumu yamezama ndani ya mwili. Moyo ulinishuka. Nikajua nitaambiwa nimelivunja. Nikawaita vijana wa karakana, tukaleta jeki mbili, tukalinyanyua, tukaliwekea magogo ya mvule huku na huku. Nikafuta jasho. Meneja akaja na kofia yake, akaangalia magogo. Akaingia, akawasha injini. Gari likaanza kunyanyuka lenyewe, kwanza matako, halafu kichwa, likainuka kutoka juu ya magogo yangu na kuyaacha yamesimama pale yakiwa hayabebi kitu. Akaenda zake. Kulikuwa na Mkwavi mmoja, mfugaji, aliyeleta maziwa kwa kina mama wa kambi ya wafanyakazi. Alitazama akasema, "Hii inaamka kama ng'ombe." Basi kuanzia hapo likawa Ng'ombe wa Meneja, na hata sasa watu wa Manundu hawalijui kwa jina lingine.

Kule kulala kulikuwa ni uzima wake. Gari hili halina springi kama magari mengine. Kila gurudumu lina kibuyu cha chuma, sisi ndivyo tulivyoviita, nusu yake gesi, nusu mafuta, na katikati mpira unaovitenga. Injini ikiwaka, pampu inasukuma mafuta kwenye vibuyu kwa nguvu nyingi na gari linasimama. Ikizimwa, nguvu inapungua polepole na gari linakaa chini kupumzika. Hayo niliyajua baadaye, kwa kufungua na kufunga na kupata aibu. Na jambo kubwa zaidi nililolijua baadaye ni kwamba mafuta yale yale yanayolinyanyua gari ndiyo yanayofanya breki na ndiyo yanayolainisha usukani. Yakipotea, vyote vinapotea pamoja. Lori likivunjika springi, breki bado inakungoja. Hili haliko hivyo.

Kosa la magogo lilinichekesha mwenyewe baada ya muda. La pili lilikaribia kunimaliza. Nilikuwa nimelala chini yake, gari limesimama juu kwa nguvu ya mafuta yake, sijaweka kitu cha kulizuia. Joseph, yule mchomeleaji unayemwita baba mdogo, aliingia ndani kutafuta kiberiti, akagusa ule mkono wa chuma wa kupandisha na kushusha gari. Likaanza kushuka. Halishuki kwa kishindo, mwanangu. Linashuka taratibu, kwa adabu, na wewe uko chini. Nilipiga kelele, Joseph akanivuta miguu, nikatoka nikiwa nimeacha shati na ngozi ya kifua. Wakati ule nilikuwa mwembamba. Leo ningebaki pale.

Nilimtukana Joseph matusi ambayo sitayaandika. Yeye akanijibu, "Fundi, mimi nimetafuta kiberiti, wewe umetafuta kaburi." Alikuwa na haki. Nilikasirika siku mbili, halafu nikaenda kwao na kuku.

Kisha Azimio likaja. Mashamba yakawa ya umma, meneja akafunga masanduku akaondoka, na Ng'ombe akabaki. Aliyekuja kuongoza shamba alikuwa mwenzetu, Mtanzania, mtu wa mikutano na safari. Siku zile kila kiongozi alikuwa njiani. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kote Handeni, watu wanahamishwa kutoka miji yao ya porini kwenda kando ya barabara, na magari yalikuwa machache. Kwa hiyo gari la kumpeleka meneja klabu kunywa likawa gari la vijiji, na mimi nikawa fundi wake na dereva wake. Nilifurahi, sikufichi. Nilipopita Sindeni na dirisha liko wazi, nilijiona nami ni uhuru.

Sasa ndipo tunapofika kwenye kosa lenyewe. Hili si siri. Mama yako humsimulia kila mgeni, na anasimulia vizuri kuliko mimi, kwa hiyo umelisikia tangu unatambaa. Lakini yeye husimulia kilichotokea ndani ya gari. Mimi nataka kukusimulia kilichotokea ndani yangu.

Bomba moja jembamba lilisuguana na chuma likatoboka, mafuta yakamwagika barabarani. Bomba Joseph aliliziba vizuri. Lakini mafuta yenyewe hayakuwepo. Mafuta ya gari hili ni ya kijani, yalikuwa yakiletwa na meneja kutoka nje, na meneja hayupo. Nikatafuta Tanga, hakuna. Siku zile hata sabuni tulikuwa tunaulizana. Katika stoo ya malori kulikuwa na mafuta ya breki, makopo kwa makopo. Nikafikiri hivi: si yanafanya breki? Breki ni breki. Nikayamimina.

Kifuniko cha tangi kilikuwa cha kijani na kando yake kulikuwa na maandishi ya Kifaransa. Kifaransa sikijui, lakini kijani nilikuwa nakijua.

Gari likasimama! Likaamka kama ng'ombe, likatembea, breki zikashika. Karakana nzima ilishangilia. Jumapili iliyofuata kukawa na mkutano wa tawi la chama, na yule mkubwa wa shamba akasimama akasema wazungu walidhani wakiondoka magari yao yatakufa, lakini huyu ndugu yetu Omari amelifufua kwa kilichomo stoo, na huku ndiko kujitegemea. Akaniambia nisimame. Watu wakanipigia makofi. Mama yako alikuwepo, amevaa khanga mpya, na nilimwona akiwatazama wanawake wengine kwa fahari. Mwanaidi, nimepata mambo mazuri maishani mwangu, nimekupata wewe, lakini makofi yale niliyabeba kwa muda mrefu na yalikuwa matamu sana.

Mafuta ya breki yanakula mipira ya gari hili. Hayaili siku moja. Mpira unavimba, unalegea, unakuwa ute. Baada ya wiki kadhaa niliona usukani umeanza kuwa mzito asubuhi. Nikasema ni baridi. Baridi, Korogwe! Halafu gari likawa linachelewa kuamka. Halafu kukawa na matone chini kila lilipoegeshwa, na matone yalikuwa meusi, yenye vipande vidogo vya mpira. Nilivishika kwa vidole vyangu. Mimi fundi, nilivishika, nikajua. Nikajipangusa kwenye ovaroli nikaenda kula.

Unauliza kwa nini sikusema? Ningesemaje? Nilikuwa nimesimamishwa mbele ya watu. Kusema nimekosea ilikuwa ni kuwaambia wote wale warudishe makofi yao. Ningemvunjia heshima mkubwa aliyenisifu, nami ningerudi kuwa fundi wa malori. Kwa hiyo nikawa naongeza mafuta yale yale kila asubuhi kabla watu hawajafika.

Halafu taa nyekundu ikaanza kuwaka, ile iliyo mbele ya dereva. Taa hiyo huwaka nguvu ya mafuta ikipungua. Ilikuwa inawaka kidogo, inazima, inawaka. Mkubwa akaniuliza kutoka kiti cha nyuma, "Omari, hiyo vipi?" Nikamwambia ni waya. Kesho yake nilikwenda zahanati ya shamba, nikaomba plasta, nikaibandika juu ya taa.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka vijiji vya Handeni, jioni. Mama yako alikuwa kwao karibu na Sindeni, amekwenda kumsaidia bibi yako kuhama. Nyumba ya bibi ya porini ilikuwa imekwisha bomolewa na alikuwa amepewa kiwanja kando ya barabara. Bibi alikuwa amekasirika, hataki kusema na mtu, na alikataa kukaa na kinu chake cha zamani. Alisema kinu kile kimezoea uwanja wake, kama uwanja haupo basi nacho kiende Korogwe. Tukakitia kwenye gari. Mkubwa alikaa nyuma, mahali pake, mama yako mbele kando yangu, na kinu kikakaa miguuni kwake.

Tulipokaribia kushuka kwenda daraja la Pangani, mama yako akaona plasta, na mwanga mwekundu unapenya pembeni yake. Akauliza, "Baba Mwanaidi, hiyo taa uliyoifunga inasema nini?"

Nikamjibu, "Inasema gari ni zima."

Hilo ndilo jibu ambalo amewasimulia wageni miaka yote hii. Husimulia, huwaangalia, kisha huunyoosha mguu wake. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu, nami hucheka nao. Lakini mwanangu, kila anaposimulia, mguu wangu hukanyaga sakafu wenyewe, kama pale mteremkoni nilipokanyaga breki na mguu ukaenda mpaka chini bila kukutana na kitu.

Usukani ulikuwa jiwe. Nilivuta breki ya akiba, ikapunguza kidogo. Mbele kulikuwa na daraja na watu wanaovuka na baiskeli. Nikauvuta usukani kwa mwili wangu wote, tukatoka barabarani, tukaingia kwenye mkonge, tukapiga kichuguu. Mkubwa alipata uvimbe kwenye paji la uso. Mimi sikupata hata mkwaruzo, na hilo sijawahi kulisamehe. Kinu kilimwangukia mama yako mguuni, mfupa ukavunjika mahali pawili.

Ulikuwa na miaka ya kunyonya kidole, umeachwa kwa mke wa Joseph. Hukumwona mama yako kwa msimu mzima wa mvua. Aliporudi ulimkimbia, ukajificha nyuma yangu, kwa sababu ya ile fimbo aliyokuwa akitembelea. Yeye alilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Na nikwambie ujinga wangu ulivyokuwa hauna mwisho. Nilipokuwa nakwenda kumtazama hospitali, nilikuwa namweleza habari za gari. Mpira gani umeharibika, bomba gani, nani amesema nini. Siku ya tatu au ya nne akaniambia, "Baba Mwanaidi, nikumbushe, hapa aliyelazwa ni nani?" Ndipo nilipomwambia habari ya mafuta ya breki na matone meusi, yote, kama ninavyokuandikia wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo ulijua." Nikasema nilijua. Akasema, "Sitapanda tena gari hilo ukishika usukani wewe. Naapa." Hakuinua sauti. Na hajapanda tena, kama unavyojua. Siku nikimwambia nakupeleka sokoni, huchukua fimbo yake akaenda kwa miguu, polepole, na mimi namfuata nyuma na gari tupu. Watu wa Manundu wamezoea.

Kwenye mkutano wa tawi niliomba kusimama mwenyewe. Nikasema ndugu zangu, nilipigiwa makofi kwa kosa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Walinisikiliza wakaendelea na ajenda ya mbolea. Miezi yote ile niliyoogopa, mwanangu, kumbe ilikuwa ni kwa ajili ya jambo dogo kiasi hicho.

Shamba lilipochoka kuliona gari chini ya banda, wakaniambia nilichukue kabla mchwa hawajamaliza viti. Mama yako hakunikataza. Nilidhani atanikataza. Alisema, "Ukilivunja wewe, lijenge wewe." Basi nimelijenga. Nimetoa kila mpira uliokuwa ndani yake, nimeosha kila bomba kwa spiriti, nimepuliza kwa mdomo mpaka kizunguzungu. Mipira mingine nilipewa na padri mmoja aliyekuwa na gari la ukoo huu huu limekufa kabisa, mingine ilitoka Tanga bandarini, moja moja, kwa kuombaomba. Mafuta ya kijani nayo yamepatikana huko huko Tanga na sijayachanganya na tone la kitu kingine. Ulikua ukiniona chini ya gari, ukadhani baba wote wa Manundu wanakaa hivyo.

Sasa nijibu ulichouliza.

Sikukunyima ufunguo kwa sababu wewe ni msichana. Najua kuna waliosema hivyo, na najua uliwasikia. Nilikuona siku ile uliporudisha trekta la Joseph kinyumenyume kwenye uchochoro wa msikiti bila kugusa ukuta, wanaume wamekaa wanatazama. Niliingia ndani nikafurahi peke yangu, jambo la kipumbavu, ningefurahi mbele yako. Watoto wa watu nimewafundisha kwa malori na matrekta ya watu. Gari hili hakuna hata mmoja wao aliyelishika. Kila kilichofungwa humo nimekifunga mimi, kwa mikono hii iliyowahi kushika vipande vya mpira ikajipangusa. Nikikupa wewe usukani, na kuna mahali nimekosea tena, atakayekanyaga breki akakosa kitu ni wewe. Niliogopa. Nakupenda na niliogopa, nikaona ni rahisi zaidi kukukasirisha.

Nimefanya kosa lile lile, unaona. Taa imewaka, nikabandika plasta.

Huko Handeni utabeba wajawazito na watoto wenye homa, na kutakuwa na mganga mwenye haraka, na mkubwa mwenye mkutano, na siku moja gari litakwambia neno ambalo hawataki kulisikia. Sitakufundisha la kufanya. Ninajua tu ilivyokuwa kwangu, kwamba ugumu wote ulikuwa katika sentensi ya kwanza, nami sikuisema.

Jana alasiri nilimaliza kulikagua upya, bomba kwa bomba. Nililiwasha nikiwa peke yangu, nikatoka nje nikasimama mbali kidogo. Likanyanyuka, matako kwanza, halafu kichwa. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, kama inavyotakiwa. Mama yako alitoka jikoni na mchi mkononi, maana alikuwa anatwanga kwenye kinu kile kile, akasimama mlangoni akalitazama.

"Bado linaamka kama ng'ombe," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Kesho kutwa Mwanaidi anakwenda Handeni na nini?"

Nikasema atapanda basi, au nimpeleke mimi.

Akautazama mguu wake. Kisha akasema, "Mimi niliapa sipandi ukiendesha wewe, na kiapo changu kiko pale pale. Lakini Mwanaidi sikumwapia."

Nikamwambia, "Mama Mwanaidi, na taa ikiwaka?"

Akasema, "Ikiwaka atatuambia. Wewe mtoto huyu umemsikia akificha neno lini?" Akarudi kutwanga.

Mwanangu, nimekaa na mama yako miaka hii yote na sijawahi kumwomba alipande tena. Nilijua sina haki ya kuomba. Leo mchana nimefungua mlango wa mbele kufagia, nikakuta kikapu chake kiko pale kwenye kiti, kimefungwa, na khanga yake ya safari juu. Nimekaa chini kando ya gurudumu nikalia, na sioni aibu kukuandikia.

Kwa hiyo ni hivi. Kitu kigumu ulichokisikia ndani ya bahasha ni ufunguo. Plasta nimeibandua zamani lakini gundi yake imeacha alama, utaiona. Nimeisugua haitoki, nimeiacha. Ukiwasha, usiondoke haraka. Ngoja mpaka mbele nako kuinuke. Mteremko wa daraja mtaupanda kwenda, hamtaushuka, na mama yako anasema kurudi atapanda basi, kwa hiyo nitarudi na Ng'ombe wangu peke yangu kama kawaida.

Mama yako atakaa mbele na wewe. Kiti cha nyuma, kile cha meneja na cha mkubwa, nimekishona mara mbili na sijawahi kukikalia hata siku moja. Kesho ndipo nitakapokaa. Kama nitasema sana njiani, niambie ninyamaze.

Asubuhi ukiniamkia nitakuwa nimesimama.

Baba yako,
Omari